Hesabu ya Maji ya Muhogo, Kutoka Amani hadi Ijumbi

Mwaka 1938 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alichapisha makala kuhusu jambo ambalo kila Mhaya wa Bukoba hulijua tangu utotoni. Bukoba ina ardhi ya aina mbili zinazopakana. Udongo wa migombani na udongo wa nyasi za wazi, hatua chache tu kutoka mmoja hadi mwingine, umetokana na mwamba uleule na hunyeshewa mvua ileile. Lakini mmoja umelisha kaya vizazi kwa vizazi, na mwingine huchoka baada ya msimu mmoja au miwili. Milne aliona kwamba tofauti hiyo ni kazi ya mikono: samadi, majivu, taka za jikoni, na nyasi zilizotandazwa chini ya migomba mwaka hadi mwaka.

Ukipita Ijumbi, wilayani Muleba mkoani Kagera, ramani hiyo ya ardhi mbili bado inasomeka. Kibanja huizunguka nyumba, chenye migomba, mibuni na maharage kwa pamoja. Nje yake ni rweya, uwanda wa nyasi ambao zamani ulikuwa wa wote. Huko ndiko mazao ya mizizi yalikokuwa na makazi yake. Wanawake waliomba ruhusa ya kufungua omusiri, shamba la muda: nyasi zikakatwa, zikarundikwa, zikachomwa, kisha vikapandwa njugu mawe, viazi vikuu na viazi vitamu, na baadaye muhogo. Mavuno yakiisha, kipande kiliachwa kipumzike kwa miaka. Kibanja kilibeba jina na urithi wa mwanamume. Omusiri ulikuwa kazi ya jembe la mwanamke, na pengine ndiyo sababu haukuandikwa sana kwenye madaftari ya serikali.

Kibanjani kulikuwa na umwagiliaji usio na mfereji. Tandazo la nyasi huukinga udongo na jua, huyazuia maji yasipae, na likioza huuongezea udongo uwezo wa kushika unyevu. Nyasi zenyewe zilitoka rweya, kwa hiyo kila mzigo uliobebwa kichwani kwenda mgombani uliinyang'anya rweya rutuba yake. Sotoka ilipofyeka ng'ombe katika miaka ya 1890, mzunguko huo ulipata pigo, maana samadi ilipungua. Baadaye vifukuzi na magonjwa ya migomba vikaongeza mzigo, na muhogo na viazi vitamu vikaanza kuingia pembezoni mwa kibanja, mahali ambapo wazee wasingekubali vipandwe.

Tandazo lilitunza maji bila kuyapima; kuyahesabu kwa kanuni kulianzia mbali. Mwaka 1948 Howard Penman, wa kituo cha Rothamsted huko Uingereza, alitoa kanuni ya kukadiria maji yanayopaa kutoka kwenye ardhi na mimea kwa kutumia jua, joto, unyevu wa hewa na upepo. Afrika Mashariki iliipokea kanuni hiyo Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo kilichorithi kazi za Amani. Hesabu yake ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Ndiyo maana mwaka 1965 J. S. G. McCulloch alichapisha majedwali ya kuirahisisha, karani akaweza kupata jibu kwa kalamu. Miaka mitatu baadaye T. Woodhead akatoa makadirio ya upaaji wa maji kwa Tanzania. Kabla ya kompyuta kufika, majedwali hayo yalifanya kazi ambayo leo hufanywa na programu.

Mimea iliyopimwa, hata hivyo, ilikuwa ya kuchagua. Muguga ilitumia miaka mingi kupima maji ya chai kule Kericho. Mwaka 1979 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu chake maarufu kuhusu namna mazao yanavyoitikia maji. Kilikuwa na mazao 26. Mgomba umo, viazi mviringo vimo, hata zabibu na tumbaku. Muhogo haumo, wala viazi vitamu, wala viazi vikuu, wala magimbi. Chakula cha mamilioni ya watu wa nchi za joto hakikuwa na ukurasa wake.

Sababu haikuwa dharau tupu. Muhogo ni mgumu kuuhesabu. Hauna siku ya kukomaa: mtu huung'oa baada ya miezi 8, mwingine baada ya 18. Katika miaka ya 1980 Mabrouk El-Sharkawy na wenzake, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT karibu na Cali, Kolombia, walionyesha kwamba hewa ikikauka muhogo hufunga vitundu vya majani yake hata kama udongo bado una maji. Ukame ukizidi hupukutisha majani, husimama, hungoja mvua, kisha huchipua tena kwa wanga ulioweka mizizini. Kanuni ya zao lenye siku ya kukomaa, kama ngano, haina nafasi ya mmea wenye subira namna hiyo.

Mwaka 1994 Robin Matthews na L. A. Hunt walitoa modeli ya kompyuta iitwayo GUMCAS, iliyotengenezwa kwa ajili ya muhogo. FAO ilitoa programu ya AquaCrop, inayokadiria mavuno kulingana na maji, mwaka 2009, na vipimo vya kuiwezesha kuukadiria muhogo vikachapishwa mwaka 2022. Kati ya miaka hiyo miwili, mradi wa muhogo wa ACAI ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ulifanya kazi Nigeria na Tanzania, Kanda ya Ziwa ikiwemo, ukaunganisha modeli ya ukuaji wa mimea ya LINTUL na kanuni ya virutubisho ya QUEFTS ili kutoa ushauri wa mbolea na wa tarehe za kupanda kupitia zana ya AKILIMO. QUEFTS yenyewe, iliyochapishwa mwaka 1990, ilijengwa kwa takwimu za mahindi ya Kenya.

Hesabu yenyewe, ikiwekwa mezani, si ya kutisha. FAO iliupa muhogo wa mwaka wa kwanza, ukiwa umestawi, kizidisho cha 0.80 cha maji yanayopotezwa na nyasi. Tuchukue siku ya kiangazi ambayo nyasi fupi zenye maji ya kutosha zingepoteza milimita 4. Muhogo ungehitaji milimita 3.2, yaani takriban lita 13,000 kwa ekari. Hizo ni ndoo 650 za lita 20, kwa siku moja. Kwa mkulima ambaye shamba lake liko mlimani na maji yako bondeni, jibu la iwapo atamwagilia limeshapatikana bila kuwasha kompyuta. Ndiyo maana wakati wa kyanda, kiangazi cha Juni hadi Agosti, watu wa Kagera hushuka na viazi vitamu hadi kwenye mabonde yenye unyevu.

Faida ya modeli basi iko kwingine: kupima tarehe za kupanda kwa miaka mingi ya mvua, au kulinganisha shamba lenye tandazo na lisilo nalo. Hapo ndipo Milne anapowarudia wataalamu wa leo. Programu hizo zinaweza kulishwa takwimu za udongo kutoka ramani ya dunia ya SoilGrids, ambayo kila mraba wake una upande wa mita 250. Mraba mmoja Ijumbi unaweza kumeza vibanja kadhaa pamoja na rweya inayovizunguka, ukatoa udongo wa wastani ambao haupo popote kijijini. Mvua nayo ina ukaidi wake: Bukoba mjini hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukielekea magharibi hadi Karagwe hupungua kwa kiasi kikubwa katika mwendo mfupi.

Kuna pia jambo ambalo modeli hizi za maji hulinyamazia, nalo ni virusi. Ugonjwa wa batobato ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutokana na mihogo ya Usambara, na miaka ya 1930 H. H. Storey aliyekuwa Amani alianza kuchanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceará ili kupata mbegu stahimilivu. Wimbi kali la batobato lililotokea Uganda liliingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuharibu mashamba ambayo mvua haikuyanyima chochote. Modeli inayohesabu maji peke yake ingeyapa mashamba hayo mavuno mazuri. Kwa hiyo atakayetaka kuigiza muhogo wa Ijumbi kwenye kompyuta atahitaji kwanza mbegu safi shambani, na sampuli mbili za udongo kutoka kila kaya: moja ya kibanja, nyingine ya rweya.