Dawa za Zamani Zinavyopewa Kazi Mpya ya Kulinda Moyo

Mshtuko wa moyo hutokea pale bonge la damu linapoziba mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo. Sehemu ya msuli inayokosa damu huanza kufa, na mgonjwa anayenusurika hubaki katika hatari ya kupata mshtuko mwingine, kiharusi au moyo kushindwa kufanya kazi.

Kwa kuwa kutengeneza dawa mpya huchukua miaka mingi na gharama kubwa, watafiti huchunguza pia iwapo dawa zinazotibu maradhi mengine zinaweza kumkinga mgonjwa huyo. Madhara ya dawa hizo yanajulikana tayari, na nyingi huuzwa kwa bei nafuu.

Aspirini

Aspirini iliingia sokoni mwaka 1899 ikiwa dawa ya maumivu na homa. Baadaye ilibainika kuwa huzuia chembe sahani za damu zisishikamane na kufanya bonge. Jaribio la ISIS-2, lililoratibiwa kutoka Oxford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1988, lilihusisha wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kupatwa na mshtuko wa moyo. Baada ya wiki 5, vifo vilivyotokana na moyo na mishipa vilikuwa asilimia 9.4 kwa waliotumia aspirini miligramu 160 kila siku kwa mwezi mmoja, na asilimia 11.8 kwa ambao hawakuitumia. Leo aspirini ni miongoni mwa dawa za msingi katika tiba ya mshtuko wa moyo.

Kolkisini

Kolkisini ni dawa ya jongo, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo. Kwa kuwa hutuliza uvimbe mwilini, watafiti walitaka kujua iwapo itatuliza pia uvimbe unaodhoofisha kuta za mishipa ya moyo. Jaribio la COLCOT la mwaka 2019, lililoongozwa kutoka Montreal, Kanada, lilihusisha wagonjwa 4,745. Vifo vya moyo, mshtuko mpya, kiharusi na matukio mengine makubwa viliwapata asilimia 5.5 ya waliopewa miligramu 0.5 kwa siku, dhidi ya asilimia 7.1 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kolkisini kwa baadhi ya wagonjwa wa mishipa ya moyo.

Hata hivyo, jaribio kubwa zaidi la CLEAR, lenye wagonjwa 7,062, lilitoa matokeo tofauti mwaka 2024: asilimia 9.1 dhidi ya 9.3, tofauti isiyothibitisha faida yoyote. Kwa hiyo, dawa kuwa ya zamani na nafuu si uthibitisho kwamba inaweza kufanya kazi mpya. Kila kazi mpya huhitaji ushahidi wake.

Tahadhari kwa wagonjwa

Aspirini inaweza kusababisha kutokwa damu tumboni au kwenye ubongo. Kolkisini ikizidi kipimo, au ikichanganywa na baadhi ya antibayotiki kama klarithromaisini, inaweza kuua, hasa kwa mwenye maradhi ya figo. Mgonjwa hapaswi kuanza dawa hizi wala kuacha alizoandikiwa bila ushauri wa daktari. Mwenye maumivu ya kifua yanayobana, yanayosambaa mkononi au kwenye taya, au yanayoambatana na jasho na kukosa pumzi, afikishwe hospitalini mara moja, kwa kuwa kila dakika inayopita huongeza sehemu ya msuli wa moyo inayokufa.