Maji ya Uani Huishia Wapi? Mfereji, Kiwanja na Dola Katika Historia ya Dar es Salaam

Masika mmoja nilihudhuria usuluhishi wa majirani wawili katika ofisi ya serikali ya mtaa, jijini Dar es Salaam. Mlalamikaji alikuwa mama mtu mzima. Jirani yake alikuwa ameinua ua wake kwa malori kadhaa ya kifusi, akasakafia kwa saruji, kisha akatoboa tundu chini ya ukuta. Mvua iliponyesha, maji yote yalitokea jikoni kwa yule mama. Mwenyekiti alimkaripia mkosaji. Naye akajibu kwa unyenyekevu, "Mzee, nikiziba tundu nalala majini mimi. Niambieni basi, niyapeleke wapi?" Ofisi nzima ilinyamaza, kwa kuwa kichochoroni mwao hapakuwa na mtaro.

Makala haya ni jaribio la kuueleza ukimya ule. Ninadai kwamba mfereji wa uani, ambao tumezoea kuuona kuwa jukumu la mwenye nyumba na fundi wake, ni suala la dola, na kwamba tawala zilizofuatana katika mji huu zimempa mwananchi wajibu wa kutoa maji bila kumpa mahali pa kuyatoa.

Tuanze na kazi yenyewe. Mfereji mwema hushuka taratibu, walau sentimita moja kwa kila mita, ukitokea ukutani mwa nyumba hadi mpakani mwa kiwanja. Penye kona hujengwa chemba yenye mfuniko, ili mchanga utuame humo na uweze kuzolewa. Maji ya mvua hutengwa na majitaka ya chooni. Mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: mtaro wa barabarani, au shimo la kunyonya lililojazwa mawe. Ardhi ya kichanga hunywa maji upesi. Lakini mabondeni, kama kando ya mto Msimbazi, maji ya ardhini hupanda wakati wa masika na shimo hujaa kutoka chini. Hapo fundi azibue, akarabati, aongeze bomba: kazi yake haitafaa kitu, maana mfereji una kichwa lakini hauna mkia.

Ni nani basi aliyekata mkia? Mwaka 1891 utawala wa Wajerumani ulitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba: za mawe upande huu, za udongo na makuti upande ule. Sayansi ya zama zile ikauongezea ubaguzi huo hoja ya afya. Baada ya Ronald Ross kuonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1890, nafasi ya mbu katika kueneza malaria, maji yaliyotuama uani yakawa jambo la kiserikali. Waingereza, katika miaka ya 1920, waliendeleza kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika yenye kitovu chake Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati, kana kwamba maradhi hayajui kuvuka uwanja.

Tutazame nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo. Ukumbi hupita katikati ya vyumba hadi uani, kwenye jiko na choo, na ua umezungukwa na ukuta pande zote. Paa la makuti hudondosha mvua polepole. Bati lililochukua nafasi yake huimwaga yote kwa mkupuo. Ua wa namna hiyo hauwezi kuishi bila njia ya maji. Bwana Afya aliingia humo akitafuta viluwiluwi na kutoa onyo, lakini fedha za mitaro na mabomba zilianzia kwingine. Tena Mwafrika alipewa haki ya muda mfupi juu ya kiwanja chake. Nani angejenga mfereji wa mawe katika ardhi asiyo na hakika ya kuimiliki kesho?

Uhuru ulifuta kanda za rangi kisheria, lakini haukuyabadilisha mabomba yaliyokwisha fukiwa. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vyenye huduma katika maeneo kama Sinza na Kijitonyama, na kuboresha makazi yaliyokwisha jengwa kama Manzese. Ilikuwa hatua ya maana: iliachana na ubomoaji na kumtambua mkazi. Hata hivyo, katika muongo huohuo sera ya madaraka mikoani ya mwaka 1972 iliondoa mabaraza ya miji, ambayo yalirejeshwa mwaka 1978. Kwa miaka hiyo mji ulipoteza chombo chake cha kusafisha mitaro, na mtaro usiosafishwa hugeuka bwawa.

Mwananchi akajitafutia njia. Aliyeweza alijaza kifusi. Asiyeweza alisubiri mvua kubwa ili atapishe choo, uchafu ubebwe na mafuriko hadi kwa wa bondeni. Tunawalaani watu hawa kwa kukosa ustaarabu. Mimi nawaona wakifanya lile ambalo mji wenyewe umewafundisha: kusukuma maji yao kwa mnyonge aliye chini yao.

Lakini historia hii ina ukurasa mwingine. Katika miaka ya 1990, wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walijenga mitaro ya mvua na barabara za mtaa wao kwa mikono yao, wakilipwa ujira, kupitia chama chao cha jamii kilichopewa mkataba wa kazi. Wahandisi walitoa vipimo, wafadhili na mamlaka ya jiji wakatoa fedha. Thamani yake ni kwamba mtaro ulitangulia, na mifereji ya nyua ikapata pa kuingilia.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Kuokoa maisha ni wajibu. Ila kumhamisha wa bondeni huku nyua za mlimani zikizidi kusakafiwa ni kusogeza msiba. Maji yanayofika Jangwani yametoka kwenye mapaa ya watu walio mbali na Jangwani.

Kwa hiyo, watumishi wa umma mnaosoma hapa, kibali cha ujenzi kiulize maji ya kiwanja yataishia wapi, na halmashauri ionyeshe mtaro wake. Wanafunzi wangu, nendeni mkachore ramani za mitaro ya mitaa yenu. Tangu mwaka 2015 wenzenu wa vyuo vikuu wamefanya hivyo katika kata nyingi za jiji, na ramani zao zimekuwa hoja mezani.

Yule mama alipewa ushauri wa kujenga tuta mlangoni mwa jiko. Alilijenga. Masika yaliyofuata, maji yalihamia nyumba ya tatu.