Aneurisma: Mtanuko wa Ateri

Katika Kiswahili cha zahanati na hospitali, neno uvimbe limebebeshwa mizigo mingi. Jipu huitwa uvimbe. Saratani ya titi mara nyingi hugunduliwa kama uvimbe. Mwanamke mwenye fibroidi huambiwa ana uvimbe kwenye kizazi. Kwa hiyo mgonjwa akisikia kwamba ana "uvimbe kwenye mshipa wa damu", maswali yake yanajulikana hata kabla hajafungua mdomo: Ni saratani? Kuna dawa ya kuuyeyusha? Nitakatwa lini? Ni maswali ya haki kabisa, ila hayagusi ugonjwa alionao. Mwilini mwake hakuna kilichoota. Ana mshipa ule ule aliozaliwa nao, ambao ukuta wake umelegea mahali fulani, ukashindwa kuhimili msukumo wa damu na ukatanuka. Hiyo ndiyo aneurisma, na ndiyo sababu nasimamia tafsiri moja, mtanuko wa ateri, huku uvimbe ukiachiwa magonjwa yake.

Jina la kigeni lenyewe lina asili ya Kigiriki, kutoka kitenzi chenye maana ya kutanua. Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi jirani: kuvimba, kutuna, kufura, kututumka. Lakini mshipa wa shingo hutuna mtu anapopaza sauti, na hauna ugonjwa wowote. Kufura kumezoea kwenda na hasira. Kutanuka kunataja jambo lile lile ambalo daktari analipima, yaani upana. Aota, ateri kuu inayotoka moyoni, inapopita tumboni huwa na upana wa sentimita 2 hivi kwa mtu mzima. Ikifika 3 au zaidi inaitwa aneurisma. Kwa ateri nyingine kipimo kinachotumika zaidi ni kuzidi upana wake wa kawaida kwa nusu nzima. Istilahi inayobeba wazo la upana inamwandaa mgonjwa kuuliza swali lenye maana kuliko yote: "Umefikia sentimita ngapi?"

Neno mshipa nalo linahitaji kubanwa kidogo. Katika mazungumzo tuna mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, na hata ngiri wengi huiita mshipa. Vitabu vya shule vimetupatia ateri, inayotoa damu moyoni, na vena, inayoirudisha. Tuzitumie. Presha ya 120 kwa 80 tunayosomewa kliniki ni ya ateri. Kwenye vena kubwa zilizo karibu na moyo haifiki hata 10. Kwa hiyo tunapozungumzia aneurisma, karibu kila mara tunazungumzia ateri, na ni vema jina liseme hivyo.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. La kati ndilo lenye misuli na nyuzi zinazovutika na kurudi, na hilo likichakaa mtanuko huanza. Aliyewahi kumtazama fundi baiskeli akijaza upepo tyubu iliyotolewa kwenye tairi atakuwa ameona jinsi inavyokwenda: tyubu hainenepi sawasawa, upande uliolegea huanza kututumka, na upepo wote unaofuata huishia hapo hapo. Fizikia ina kanuni ya jambo hilo, yenye jina la Mfaransa Laplace. Mvutano kwenye ukuta hukua pamoja na presha, na vilevile hukua pamoja na upana. Maana yake ni kwamba ateri iliyotanuka inajitanua zaidi hata kama presha haijapanda, na kadiri inavyotanuka ndivyo inavyokaribia kupasuka. Hakuna kidonge kinachoirudisha kwenye upana wake wa awali. Kinachowezekana ni kuipunguzia mzigo kwa kudhibiti presha na kuacha sigara, kisha kuipima mara kwa mara, na kuitengeneza inapofikia kiwango cha hatari.

Hatari ya neno uvimbe inaonekana wazi zaidi pale ambapo tatizo liko karibu na ngozi. Chukua kijana aliyechomwa kisu pajani. Jeraha limeshonwa na kupona kwa juu. Wiki kadhaa baadaye pananyanyuka, panauma, ngozi imekuwa nyekundu na ina joto. Kwa macho ni jipu, na dawa ya jipu kila mtu anaijua: kulipasua usaha utoke. Kumbe kisu kilitoboa ateri, damu ikatoka kupitia tundu hilo na kuzuiwa na nyama zinazoizunguka, ikajitengenezea mfuko. Huu unaitwa mtanuko bandia, au aneurisma bandia, kwa kuwa kuta za mfuko si kuta za ateri. Mwenye kisu kidogo akiupasua, kinachotoka ni damu ya ateri kwa nguvu zote za moyo, na mgonjwa anaweza kufia hapo hapo kitandani. Hali hiyo hiyo huweza kutokea baada ya sindano kutoboa ateri ya kinena, na katika miji yetu ya pwani ambako vijana wanajidunga heroini, mhudumu anayeona kitu kilichojaa kinenani ana sababu ya kusita kabla ya kushika kisu.

Kusita huko hakuhitaji mashine. Weka vidole pande mbili za mahali palipojaa. Jipu lililo juu ya ateri linaweza kupanda na kushuka na mapigo, lakini vidole havitengani. Mtanuko huvisukuma vidole kando, kimoja huku na kingine kule, kila moyo unapodunda. Ukiweka stethoskopu waweza kusikia mvumo. Kisha ndipo inapofuata ultrasound. Namna hiyo ya kupapasa inafaa hata tumboni, juu kidogo ya kitovu, ingawa kwa mtu mnene mikono peke yake haitoshi.

Visababishi havifanani kila mahali. Kwa aota ya tumbo, sigara inaongoza, ikifuatwa na uzee, jinsia ya kiume, presha ya kupanda na historia ya ukoo. Uingereza huwaalika wanaume wanapofikia umri wa miaka 65 kupimwa kwa ultrasound mara moja, na asiyekutwa na tatizo haitwi tena. Wapo wanaozaliwa na nyuzi dhaifu, kama wenye ugonjwa wa Marfan, watu warefu wenye vidole virefu, ambao aota yao hutanuka mapema pale inapoanzia moyoni. Zamani kaswende isiyotibiwa ilikuwa chanzo kikubwa cha mtanuko wa aota ya kifua, miaka mingi baada ya kidonda cha kwanza kusahauliwa, hadi penisilini ilipoupunguza sana. Na madaktari wa kusini mwa Afrika wameeleza aneurisma kwa vijana wanaoishi na VVU, pengine kadhaa kwa mtu mmoja, hasa kwenye ateri za shingo na mapaja. Hapa kwetu kisa hiki cha mwisho kinastahili kukumbukwa zaidi kuliko kinavyokumbukwa, kwa kuwa umri mdogo wa mgonjwa hufanya watu wasiiwazie kabisa aneurisma.

Matibabu yana historia ndefu. Antyllus, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alifunga ateri juu na chini ya mtanuko. John Hunter, London, mwaka 1785 alifunga ateri ya paja la mwendesha gari la farasi aliyekuwa na mtanuko nyuma ya goti, na mguu ukapona. Aota haikuweza kufungwa hivyo, maana nusu nzima ya mwili ingekosa damu. Ndiyo maana Albert Einstein alipofanyiwa upasuaji mwaka 1948, daktari Rudolf Nissen alichoweza ni kuizungushia aota yake selofani, ili nyama zikereke na kujenga kovu la kuishikilia. Ilishikilia kwa zaidi ya miaka 6. Ilipopasuka Aprili 1955, Einstein alikataa kupasuliwa tena, akafariki akiwa na miaka 76. Wakati huo njia mpya ilikuwa imekwisha kupatikana: mwaka 1951 huko Paris, Charles Dubost alikata kipande kilichotanuka na kushona mahali pake aota iliyotolewa kwa maiti. Michael DeBakey wa Houston akaleta mirija ya kitambaa cha Dacron, na ya mwanzo aliishona mwenyewe kwa cherehani. Mwaka 1990, Juan Parodi wa Buenos Aires alipitisha mrija wa namna hiyo kupitia ateri ya kinena, akaufungulia ndani ya aota bila kulipasua tumbo.

Kwenye ubongo mambo hubadilika. Huko mitanuko ni midogo, mingi ya milimita chache, na huota, kama nitaruhusiwa kitenzi hicho mara hii moja, kwenye njia panda za ateri chini ya ubongo. Takriban watu wazima 3 katika kila 100 wanayo, na wengi wao watazeeka bila kujua. Unapopasuka, damu huvuja kuuzunguka ubongo na kuleta aina mojawapo ya kiharusi. Dalili yake ni kichwa kinachouma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, maumivu yakifika kilele ndani ya sekunde au dakika, pamoja na shingo kukakamaa, kutapika au kuzimia. Mtu huyo haachwi alale kwanza na dawa ya maumivu. Anapelekwa hospitali yenye mashine ya CT siku hiyo hiyo. Ipo pia dalili ya kimyakimya ya mtanuko ambao haujapasuka: kope ya jicho moja kushuka na mboni yake kupanuka. Tiba ni kuubana shingoni mwake kwa kibanio cha chuma, jambo ambalo Walter Dandy wa Baltimore alilifanya mwaka 1937, au kuujaza kwa nyaya laini za platinamu zinazopitishwa ndani ya ateri.

Majina jirani yasichanganywe na hili. Ateri ikikakamaa na kujaa mafuta ni kuziba. Damu ikipenya kati ya matabaka ya ukuta wa aota na kuyatenganisha ni mchano wa aota, wenye maumivu makali ya kifua au mgongo, na unaweza kumpata mtu asiye na mtanuko wowote. Mishipa iliyojipinda miguuni ni vena.

Ningependa majibu ya ultrasound yaandikwe hivi: "Mtanuko wa aota ya tumbo, upana sentimita 4.2, haujapasuka." Kwa maneno hayo mgonjwa anajua kilichotanuka, mahali kilipo na kiasi chake. Kwa utaratibu wa Uingereza, upana huo unapimwa tena baada ya mwaka mmoja, ukifika 4.5 ni kila baada ya miezi mitatu. Na kwa mwanamume ukifika 5.5, kwa mwanamke mara nyingi mapema zaidi, kwenye 5, mazungumzo ya upasuaji yanaanza.