Kung'arisha rangi ya gari nyumbani: yenye inasaidia na yenye inaharibu hapa Uvira

Toka Kavimvira mpaka Kalundu, gari inasafishwa karibu kila siku. Vumbi ya barabara ya taifa namba 5 inalazimisha, zaidi sana kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane wakati mvua imekatika. Lakini angalia vizuri gari yenye imepitisha miaka miwili ao mitatu hapa mjini: kapo imefubaa, paa imekuwa kama imepakwa chokaa, na ukisimama mbele ya jua unaona mistari midogo ya mviringo sawa utando wa buibui. Wengi wanasema ni uzee. Uzee uko, ndiyo, lakini sehemu kubwa inatokana na ile kazi ya kusafisha yenyewe.

Kwa mwenye kukodisha gari ya ndoa, ao shofere wa taksi mwenye kutumikia gari ya mtu mwingine, hii si mambo ya urembo tu. Gari yenye inang'aa inapata kazi mbele ya ile ya kufubaa, na siku ya kuiuzisha mnunuzi anaangalia rangi mbele ya kufungua kapo. Tena rangi njo nguo ya chuma. Ikiisha, kutu inaingia, na hapa pembeni ya ziwa hewa haikauki sana.

Ni kitu gani kinang'aa?

Magari mingi yenye tunaona hapa ni okazio kutoka Japani, yenye kupitia bandari ya Dar es Salaam. Juu ya chuma kuna rangi ya chini, kisha rangi yenyewe, kisha verni yenye haina rangi. Yote pamoja, unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua karatasi moja ya daftari ya mtoto, ishike kwa vidole: njo unene wa rangi yote ya gari yako. Verni peke yake haifiki hata nusu ya ile karatasi.

Ile verni njo inatoa mwangaza. Ikiwa laini, mwangaza unarudi wote upande mmoja, sawa ziwa saa kumi na mbili ya asubuhi mbele upepo haujaamka, wakati unaona mtumbwi na kivuli chake ndani ya maji. Upepo ukiamka, maji ni ile ile, lakini picha inavunjika. Mikwaruzo inafanya vile vile ku verni. Kupolisha maana yake ni kukwangua verni kidogo, mpaka chini ya mikwaruzo, ili juu irudi laini. Kwa hiyo kila mara unapolisha, ile nusu ya karatasi inapunguka, na hairudi tena. Mwenye anapolisha kila mwezi anakula rangi yake.

Magari mengine, zaidi yale meupe ya zamani, haina verni hata kidogo. Rangi inakutana na jua moja kwa moja. Kujua, weka polishi kidogo ku kitambaa na upanguse fasi ndogo yenye haionekani. Kama rangi ya gari inakuja ku kitambaa, verni haiko. Kwa gari nyeupe tumia kitambaa cheusi, bila hivyo hutaona kitu. Rangi ya namna hii inafubaa haraka, lakini inarudi haraka pia, na mkono mwepesi unatosha.

Maji gani?

Hapa njo Uvira inatofautiana na vitabu vya wazungu. Maji ya Tanganyika haina ladha ya chumvi kama ya bahari, kwa hiyo tunafikiri iko safi kama ya mvua. Siyo hivyo. Kila litre iko na karibu nusu gramu ya madini yenye yameyeyuka ndani. Ndoo ya litre 20 inabeba basi karibu gramu 10, vijiko vidogo viwili hivi. Tena ile maji iko na ukali wa sabuni kidogo, sababu pH yake inakaribia 9. Ukiacha ikauke ku kapo yenye moto, maji inaenda na madini inabaki. Njo yale madoa meupe ya mviringo yenye hayatoki na kitambaa. Yakikaa wiki nyingi chini ya jua, yanakula verni na kuacha alama, na hapo hata maji safi haitoshi tena.

Maji ya REGIDESO, yenye inachukuliwa ku mto Mulongwe, ni nzuri kuliko ya ziwa kwa kazi hii. Lakini nyuma ya mvua kubwa inaweza kuja na matope. Iache ilale ndani ya ndoo usiku moja, mchanga ushuke, kisha chota ya juu pole pole bila kukoroga. Yenye kupita zote ni maji ya mvua kutoka ku mabati: haina madini karibu hata kidogo. Acha mvua ioshe vumbi ya mabati kwanza, kisha weka ndoo. Kama unapata ndoo moja tu ya mvua, ichunge kwa kusuuza mwisho.

Kuingiza gari ndani ya ziwa ao mtoni ili kuosha, sisi tunasema hapana. Madoa meupe ni sababu ya kwanza. Ya pili ni nzito zaidi: oili na mazutu yenye iko chini ya gari inaingia ndani ya maji yenye mama fulani, mita 20 kutoka pale, anachota kwa kupika. Na mwenye anaosha anasimama na miguu wazi ndani ya maji ya pwani, mu mji wenye kipindupindu kimezoea kurudi mwaka kwa mwaka.

Ndoo tatu zinatosha gari nzima. Na ile wiki yenye bomba haitoi, gari ibaki na vumbi yake, maji iende nyumbani. Vumbi yenye imelala haikwaruzi kitu. Yenye inakwaruza ni ule mkono wa asubuhi wenye kupangusa vumbi kavu na kitambaa kikavu mbele ya kuanza kazi. Mashofere wanajua kufanya hivyo kwa dakika mbili, kila siku, na njo chanzo kikubwa cha ule utando wa buibui. Kama iko lazima uone mbele, panguse parabrizi na vioo, uache karosri.

Kuosha bila kukwaruza

Saa nzuri kwetu ni jioni. Asubuhi jua linatoka upande wa Burundi, juu ya ziwa, na linapiga moja kwa moja. Lakini milima ya Mitumba iko nyuma yetu, na inameza jua mapema, kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja hivi fasi mingi iko na kivuli na bado unaona kazi yako. Weka mkono ku kapo: kama inaunguza, ngojea.

Mwangia maji kwanza gari nzima, kuanzia paa, ili mchanga uteremke wenyewe mbele hujagusa. Hapa hakuna haraka. Mchanga wenye umetoka na maji hautakwaruza tena. Kisha tumia ndoo mbili. Moja iko na sabuni, ingine iko na maji safi ya kusuuza eponje. Unaosha kipande, unasuuza eponje ndani ya ndoo ya pili, njo unairudisha ndani ya sabuni. Ndoo moja peke yake inakuwa supu ya mchanga mbele ya kufika ku mlango wa pili. Paa kwanza, kisha vioo, kapo, milango, na sehemu ya chini mwisho. Magurudumu yapate eponje yake. Eponje ikianguka chini, hata mara moja, usiirudishe ku rangi.

Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa siro yote na inabakisha rangi kavu. Sabuni ya kipande ya mawese na soda ni ile ile, tena ikikutana na maji ya ziwa inatengeneza utando wenye kunata. Kama shampuu ya gari haipatikani, kofia moja ya shampuu ya nywele ndani ya litre 10 inatosha. Povu mingi si usafi.

Kausha palepale, usiache hewa ifanye kazi hiyo. Mikrofibre njo bora. Kama haiko, tishati ya pamba yenye imezeeka, ukiwa umekata mishono na vifungo. Ilaze juu ya rangi na uivute, usisugue.

Kupolisha: mara moja kwa mwaka, ao hapana kabisa

Gari ikikauka, pitisha ncha za vidole polepole. Ukisikia vijiwe vidogo, ni uchafu wenye umejishikiza ndani ya verni. Ng'ambo wanaiondoa na kipande cha udongo laini wa kiwandani, chenye kuteleza juu ya maji ya sabuni. Yenye inapatikana Bujumbura ao kwa kuagiza. Usijaribu na udongo wa kufinyanga wa hapa: uko na mchanga ndani, ni sawa kupaka msasa.

Kisha angalia mikwaruzo. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umepita verni, na hakuna polishi yenye itaufuta bila kumaliza yote. Ukucha ukiteleza, kuna matumaini. Chukua polishi laini, ile nyepesi kuliko zote dukani, na uanze na fasi ndogo, ukubwa wa sahani ya foto ao kidogo zaidi. Weka tone, sugua kwa mkono dakika mbili tatu bila kukamia, panguse, angalia ku mwangaza. Kama ile fasi imekuridhisha, endelea vipande kwa vipande. Kama haikubadilika, usikimbilie pati kali. Kwa mawazo yangu, gari yenye mikwaruzo midogo na verni nzima ni mali kuliko gari yenye kung'aa mwezi moja na verni ya kuisha.

Mashine ya kupolisha ya garaji inafanya haraka, lakini mu mikono yenye haijazoea inachoma. Hatari kubwa iko ku pembe na mistari ya karosri, sababu pale rangi iko nyembamba. Mwenye mashine akianza kazi, muombe aweke skochi ku pembe zote. Akikataa, peleka gari yako fasi ingine.

Dawa ya meno ni msasa pia, lakini hakuna mwenye anajua ukali wake. Kwa taa za mbele zenye zimekuwa njano inaweza kusaidia. Ku rangi, hapana.

Na kama verni imeanza kutoka vipande vipande sawa ngozi ya nyoka, hapo kupolisha kumeisha. Ile ni kazi ya msasa na rangi mpya, na pesa ya polishi ingefaa kuwekwa pembeni kwa siku hiyo.

Siro

Polishi inalainisha, siro inalinda. Watu wanachanganya, na garaji zingine zinauzisha moja kwa jina la ingine. Siro ya zamani ni karnauba, inatoka ku majani ya mtende fulani wa Brazili, na inahitaji zaidi ya digri 80 ili iyeyuke. Mshumaa wa duka ni parafini, yenye inaanza kuyeyuka hata mbele ya digri 60, na kapo nyeusi chini ya jua letu inaweza kupita pale. Kwa hiyo mshumaa hauwezi kuchukua fasi ya karnauba.

Paka kidogo sana, safu yenye karibu haionekani, ku rangi baridi na kavu. Ngojea ipauke, kisha panguse na kitambaa kingine. Karnauba inaishi wiki chache tu. Zile za kemikali zinaishi miezi. Mwangia maji ujue: ikikusanyika kama matone ku jani la magimbi, siro iko. Ikitandaa, imeisha.

Mazutu inang'arisha kweli, siku moja. Kesho yake vumbi yote ya Sange inashikamana pale, na mipira ya milango na ya vioo inavimba. Oili ya freni ni mbaya zaidi, inakula rangi ndani ya saa chache. Ikimwangika, maji mingi palepale. Mavi ya ndege na utomvu wa mwembe usingojee jumamosi. Weka kitambaa chenye maji juu yake dakika tano, kilainike, kisha inua.

Neno moja kwa gari zenye zimelala ndani ya maji, ya Mulongwe mwezi wa nne 2020 ao ya ziwa lenye kupanda 2024. Rangi inaweza kuwa nzuri na kutu iko inakula ndani. Chini ya kila mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji, na matope yanayaziba. Chukua kijiti, siyo bisibisi, uyafungue moja moja, kisha mwangia maji safi kwa juu, pale kioo kinaingilia, mpaka yenye inatoka chini haina rangi. Acha milango wazi ikauke mbele ya kugusa polishi yoyote.