Kilima Kinachotembea

Sisi wakaaji wa Bunagana, tulio chini ya Muhabura na Sabinyo, twajua majivu ya milima ya moto. Nyamulagira ikiwaka, upepo ndio unaochagua mashamba ya nani na mapipa ya nani ya maji ya mvua yataangukiwa. Kwetu mvua huyalowesha majivu, majani huota juu yake, nayo hutulia. Katika nchi kavu hayatulii.

Twende Tanzania, katika nyanda za Ngorongoro, karibu na bonde la Olduvai. Huko kuna kilima cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo. Mchanga wake ni majivu, na yasemwa yalitoka Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa Kimasai. Upepo wa mashariki hukisukuma kilima hicho kwenda magharibi. Watu waliweka alama zenye mwaka mahali kiliposimama, nacho kikaziacha nyuma moja baada ya nyingine. Hivyo ikajulikana kwamba hutembea yapata mita 17 kwa mwaka.

Hutembeaje? Mwingereza Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi, alisafiri katika jangwa la Misri na Libya miaka ya 1920 na 1930. Kisha huko London akajenga sanduku refu, akapitisha upepo juu ya mchanga, akapima. Kitabu chake kilitoka mwaka 1941. Aliona kwamba punje ya mchanga haipeperuki kama vumbi. Huruka kidogo, huanguka, huigonga nyingine, nayo huruka. Hivyo punje hupanda mgongo wa kilima, huporomoka mbele, hufunikwa na wenzake, hata kilima kipite na kuzifunua tena. Kandokando, penye mchanga haba, mwendo ni wa haraka. Ndiyo maana kilima huwa na pembe mbili zinazotangulia.

Tena aliona neno kubwa zaidi: upepo mkali ukizidi mara 2, mchanga unaochukuliwa huzidi karibu mara 8. Siku moja ya upepo wa nguvu yaweza kushinda siku nyingi za upepo mdogo.

Basi, mfugaji mwenye boma mita 170 mbele ya kilima kama hicho asihesabu miaka 10 kisha akalala usingizi. Mita 17 ni wastani tu. Mwaka wa pepo kali hauufuati. Apige kigingi, apime kila mwaka, ahame mapema.