Mawingu Mawili ya Kusini

Mvuvi wa usipa atokaye Lituhi au Mbamba Bay usiku wa giza wa Novemba, kabla mvua hazijashika, huona upande wa kusini mawingu mawili madogo meupe yasiyosukumwa na upepo. Aliye juu katika vilima vya Umatengo, huko Mbinga, huyaona vile vile. Wataalamu huyaita Mawingu ya Magellan. Kila moja ni galaksi, yaani jumuiya ya nyota mamilioni kwa mamilioni. Sayari aionayo mvuvi huyo ni jambo jingine: Zohali, kwa mfano, ni jirani yetu katika jamii ya jua hili moja. Nuru ya Zohali hutufikia kabla ya saa mbili kutimia. Nuru ya Wingu Kubwa husafiri miaka 160,000 hivi.

Tofauti hii yaonekana nyepesi leo, lakini iliwatatiza wenye elimu zaidi ya karne moja. Mwaka 1796 Laplace, Mfaransa, alieleza kwamba jua na sayari zake zilitokana na wingu la gesi lililozunguka na kunywea. Mwaka 1845 Lord Rosse, huko Ireland, aliona katika darubini yake wingu lililojikunja kama gamba la konokono. Wengi walidhani kuwa mawingu ya namna hiyo ni majua mapya yanayozaliwa. Dhana hiyo haikuwa ya kipumbavu. Taa ya mtumbwi ulio karibu na moto mkubwa wa ng'ambo, pwani ya Malawi, huweza kulingana machoni. Asiyejua umbali hawezi kujua ukubwa.

Kipimo cha umbali kilitoka katika mawingu yetu yale yale. Picha zake zilipigwa Arequipa, Peru, zikachunguzwa Harvard, Marekani, na Henrietta Leavitt. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 za Wingu Dogo ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, kwamba nyota yenye mng'ao mkubwa huchukua muda mrefu zaidi. Basi ajuaye muda hujua mng'ao wa kweli, na kwa huo hupima umbali. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliipata nyota ya aina hiyo katika wingu la Andromeda, ikadhihirika kuwa liko nje kabisa ya galaksi yetu: miaka ya nuru milioni 2.5, kwa hesabu ya leo. Hubble amesifiwa sana. Leavitt, kwa maoni yangu, amepunjwa.

Asili zake nazo ni mbalimbali. Juu ya jua, Laplace hakuwa mbali na kweli: miaka bilioni 4.6 iliyopita wingu la gesi na vumbi lilinywea kwa uzito wake, likawa kama sahani izungukayo. Katikati likawaka jua, na pembeni zikakusanyika sayari. Galaksi zilianza mapema mno, ulimwengu ulipokuwa bado mchanga. Gesi ilivutwa na maada isiyoonekana, nyota zikazaliwa humo, na galaksi kubwa zikazimeza ndogo. Kazi hiyo haijakoma. Mawingu mawili ya kusini yangali yanavutana, na nyuma yake yameacha utepe mrefu wa gesi ambao jicho la mvuvi haliuoni, ila darubini za redio.