Mnyororo Uliopita Uzaramo
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kibaha na Kisarawe

Kiongozi wa darasa, tafadhali hakikisha kila mmoja ana karatasi hii mbele yake. Leo tutasoma habari za biashara ya watumwa.

Wengi wenu mmesikia habari za Waafrika waliopelekwa Marekani. Ni kweli. Katika muda wa miaka zaidi ya 300, watu kiasi cha milioni 12 na nusu walipakiwa merikebuni kuvuka bahari ya Atlantiki. Karibu milioni 2 kati yao walikufa njiani. Wengi walitoka Afrika ya Magharibi, Kongo na Angola. Lakini pwani yetu nayo ilikuwa na biashara yake, na njia mojawapo ilipita katika nchi hii ya Uzaramo tunayoilima sisi.

Tuanze Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa. Alitaka auziwe watu 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa riale 20, wapelekwe kwenye mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Mauritius na Réunion. Baadaye, katika enzi ya Seyyid Said, mashamba ya mikarafuu yakaongezeka Unguja na Pemba, nayo yakahitaji watu wa kuyalima.

Watu hao walitoka wapi? Wengi walitekwa upande wa Ziwa Nyasa, wakaletwa kwa miguu mpaka Kilwa Kivinje. Nani aliwauza? Hapa tuseme kweli bila kuficha. Walikuwapo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Walikuwapo Wahindi waliokopesha fedha. Na walikuwapo machifu wa Kiafrika waliouza binadamu wenzao ili wapate nguo, bunduki na baruti.

Tarehe 5 Juni, 1873, Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia sahihi mkataba na Waingereza. Mkataba ulikataza kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Je, biashara ilikoma? Haikukoma. Mwaka uliotangulia, 1872, kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini ya Pemba mingi ilisalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakataka watu wengi zaidi. Mlango wa bahari ulifungwa. Wa nchi kavu ulibaki wazi.

Basi misafara ikashika njia ya nchi kavu. Kutoka Kilwa walivuka Rufiji, wakapita Uzaramo, wakaelekea kaskazini mpaka pwani ya Pangani. Toka huko ni mwendo mfupi wa mashua kufika Pemba, nao walivushwa kwa siri. Mwingereza aitwaye Elton alisafiri kwa miguu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa kati ya Desemba 1873 na mwanzo wa 1874. Alikutana na misafara hiyo, watu wamefungwa minyororo. Katika ripoti yake aliandika kwamba kwa muda wa mwezi mmoja watumwa zaidi ya 4,000 walipitishwa njia hiyo.

Ndugu wanafunzi, angalieni jambo hili. Sheria ile ilizuia chombo cha kuchukulia watumwa, haikugusa haja ya kuwanunua. Maji yakizibwa upande mmoja, hutafuta upande mwingine. Ilibidi Barghash atoe amri nyingine mwaka 1876, kukataza misafara ya watumwa ya nchi kavu pia. Hata hivyo aliyekuwa mtumwa alibaki mtumwa. Zanzibar sheria iliondoa hali ya utumwa mwaka 1897, na Tanganyika ilingoja mpaka 1922. Kwa hiyo mtu aliyetekwa akiwa mtoto mwaka 1873 angeweza kufika uzee bila kuwa huru mbele ya sheria.

Watu hao hawakupotea. Wengine walikaa katika vijiji vya pwani, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Wajukuu wao wako kati yetu, katika kila kabila na kila dini. Wako watu ambao bado humtupia jirani maneno ya kumdharau kwa sababu ya asili yake. Mtu wa namna hiyo anaendeleza kazi ya mnyororo. Aibu si ya aliyefungwa, ni ya aliyefunga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini biashara haikukoma mwaka 1873?
2. Taja watu wa namna tatu waliopata faida katika biashara hii.
3. Waulizeni wazee wa kijiji: njia za zamani za misafara zilipita wapi? Andikeni majibu yao.

MANENO YA KUJIFUNZA KUANDIKA: mkataba, msafara, mnyororo, uhuru.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Someni tena karatasi hii nyumbani, mkawasomee na wenzenu.